Uenezaji wa Injili katika Afrika ya Mashariki

Uenezaji wa Injili katika Afrika ya Mashariki ni historia ya jinsi ujumbe wa Yesu Kristo ulivyofikishwa kwa watu wa pwani na wa bara katika nchi za leo za Kenya, Tanzania na Uganda, na kutoka huko hadi mashariki mwa Kongo. Kazi hiyo huitwa pia uinjilishaji, hasa na Wakatoliki, au uinjilisti, hasa na Waprotestanti.

Ilijaribiwa mara ya kwanza na Wareno katika karne ya 16, ikaishia katika damu, kisha ikaanza upya mwaka 1844. Kwa kawaida husimuliwa kama habari za wamisionari wachache kutoka Ulaya, kwa sababu hao ndio walioandika barua, shajara na vitabu. Lakini sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilifanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwingi: watumwa waliokombolewa, wapagazi, walimu wa vijijini, makatekista na wake zao.

Jina na msingi wake

Neno Injili linatokana na Kigiriki euangelion, maana yake "habari njema", na lilifika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu. Waswahili wa pwani walilijua kabla ya kumwona mmisionari yeyote, kwa kuwa Kurani inaitaja Injili kama kitabu alichopewa Nabii Isa. Kwa Wakristo, Injili ni kwanza ujumbe unaotangazwa, halafu ndipo vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohane. Mazungumzo mengi kati ya wamisionari na mashehe wa pwani yalikwama hapo hapo: kila upande ulitumia neno moja na kufikiria jambo tofauti.

Wajibu wa kueneza ujumbe huo unategemea hasa maneno ya Yesu mwishoni mwa Injili ya Mathayo (28:18-20), ambapo anawatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote, na mwanzoni mwa Matendo ya Mitume (1:8), ambapo anataja Yerusalemu, Uyahudi, Samaria na hata mwisho wa dunia.

Wakati wa Wareno

Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri, mmojawapo wa Wajesuiti wa kwanza, alipitia hapo akielekea India, lakini hakukaa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1597 watawa Waaugustino wakafungua konventi mjini humo.

Tukio linaloeleza vizuri udhaifu wa juhudi hizo ni lile la Yusuf bin Hasan. Alikuwa mrithi wa utawala wa Mombasa, akapelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na Waaugustino na kubatizwa kwa jina la Jeronimo. Aliporudishwa kutawala alikuta kwamba kapteni Mreno ndiye bwana halisi wa mji. Agosti 1631 alimuua kapteni huyo, akarudi katika Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, Wareno na Waafrika vilevile. Hao hukumbukwa kama wafiadini wa Mombasa. Waomani waliiteka ngome mwaka 1698, na Ukristo ukatoweka pwani. Neno "padri", ambalo asili yake ni Kireno, ni kati ya mabaki machache ya wakati huo yanayotumika hadi leo.

Krapf na Rebmann huko Rabai

Johann Ludwig Krapf (11 Januari 1810 - 26 Novemba 1881) alikuwa Mjerumani Mlutheri aliyetumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza, CMS. Alianza kazi Ethiopia, akafukuzwa, na mwaka 1844 akafika Zanzibar halafu Mombasa. Miezi michache baadaye mke wake Rosine alifariki kwa homa, pamoja na binti yao mchanga.

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, na wawili hao wakahamia Rabai kati ya Wamijikenda. Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kuvuka bara zima hadi pwani ya magharibi. Ndoto hiyo ilichekwa na wengi, na kwa kipimo cha wakati wake ilistahili kuchekwa: baada ya miaka kadhaa, mtu wa kwanza aliyebatizwa Rabai alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa anakaribia kufa, mwaka 1851.

Nje ya eneo hilo wawili hao walijulikana kwa jambo lingine. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka 1849. Wataalamu wa jiografia huko London walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya mbaya. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akiwa karibu kipofu, akiwa na Wakristo wachache tu wa kumzunguka.

Watumwa waliokombolewa

Kilichobadilisha hali si mahubiri, bali biashara ya watumwa na vita dhidi yake. Baada ya hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857, Waanglikana waliunda misheni ya vyuo vikuu, UMCA. Jaribio lao la kwanza, huko Magomero katika Malawi ya leo, lilivunjika baada ya askofu Charles Mackenzie kufa kwa homa mwaka 1862. Mwaka 1864 walihamia Zanzibar. Wamisionari Wakatoliki walikuwa wamefika huko tangu mwaka 1860, na mwaka 1868 Shirika la Roho Mtakatifu likafungua kituo Bagamoyo.

Misheni zote mbili zilianza na watoto na vijana walionyang'anywa kutoka majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Mapadri wa Bagamoyo waliwanunua wengine sokoni ili kuwaweka huru, jambo lililozua swali gumu: je, fedha hizo hazikuwa zinaongeza faida ya wafanyabiashara? Soko la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana liliwekwa mahali pake, Mkunazini. Inasemekana altare iko pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa.

Vijiji vya Kikristo vya Bagamoyo vilikuwa na mashamba, karakana, shule na sheria kali. Waliokombolewa walikuwa huru kwa jina, lakini ratiba ya kazi, sala na hata ndoa ilipangwa na mapadri. Polepole wamisionari wenyewe waligundua kwamba kijiji cha namna hiyo kinajilisha chenyewe tu, wala hakigusi majirani, ndiyo sababu wakaanza kwenda bara: Mhonda mwaka 1877, na hatimaye Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1891.

Karibu na Mombasa, CMS ilianzisha Frere Town mwaka 1875. Walimu wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliokombolewa baharini na kusomeshwa Nasik, nchini India, ambao walikuja wakijua ufundi, Kiingereza na Biblia. Wengine walifanya kazi Rabai, na habari ikaenea kwamba misheni haimrudishi mtoro kwa bwana wake. Watumwa waliotoroka walijaa huko kwa mamia, wenye mashamba wakatishia kuishambulia misheni, na wakubwa wa CMS wakagawanyika kati ya sheria ya nchi na dhamiri. Mgogoro ulimalizwa na fidia: tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa. Katika jambo hilo walimu Waafrika walikuwa wametangulia. Wao ndio waliowapokea watoro hao kabla wakubwa wao hawajaamua lolote.

Suala la lugha

Pengine hakuna kilichobaki kwa muda mrefu zaidi kuliko kazi ya lugha. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka uleule alipofika Mombasa, akatoa sarufi mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Alikuwa ameanza kutumia herufi za Kilatini kwa lugha iliyokuwa inaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na uamuzi huo umeathiri kila kitabu cha Kiswahili kilichofuata.

Zanzibar, Edward Steere alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1870, akawa askofu mwaka 1874, na Agano Jipya lake likatoka mwaka 1879. Biblia nzima kwa Kiunguja ilikamilika mwaka 1891. Wamisionari wa Mombasa hawakuridhika nayo, wakatayarisha Biblia ya Kimvita iliyotoka mwaka 1914. Kati yao William Taylor alisifiwa na Waswahili wenyewe kwa ufasaha wake. Alikusanya methali, na pamoja na Mwalimu Sikujua wa Mombasa akahifadhi mashairi ya Muyaka ambayo bila hivyo yangepotea. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu aliyekuja kuhubiri Injili alisaidia kuokoa tungo za mshairi Mwislamu.

Katika bara chini ya Wajerumani ubishi ulikuwa mwingine. Baadhi ya wamisionari Walutheri waliona Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu na ya serikali, isiyofika moyoni mwa mtu wa bara. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi kati ya Wachagga tangu mwaka 1902, alishikilia kwamba Injili ihubiriwe kwa Kichagga na kujengwa juu ya ukoo, ujirani na rika. Karl Roehl alijaribu njia ya kati: Biblia yake ya mwaka 1937 ilikuwa ya Kiswahili, lakini ilipunguza sana maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Ilipendwa bara, pwani ikaonekana ngeni.

Hatimaye madhehebu ya Kiprotestanti yalikubaliana juu ya tafsiri moja, inayojulikana kama Union Version. Agano Jipya lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Msomaji akiifungua leo atakuta imani, neema, dhambi, nabii, malaika na msalaba, maneno yote yenye asili ya Kiarabu au ya lugha za jirani nayo, kando ya Mungu, ambalo ni la Kibantu. Vivyo hivyo kwingine barani: Wakristo waliendelea kumwita Mungu kwa majina ya wazee wao, kama Ruwa kwa Wachagga, Ngai kwa Wakikuyu na Katonda kwa Waganda. Mwanahistoria Lamin Sanneh kutoka Gambia alisisitiza kwamba tafsiri ilimpa mwenyeji nguvu ambayo mmisionari hakuitarajia: mara tu Biblia ilipokuwa katika lugha yake, aliweza kuitumia hata kumpinga mmisionari.

Buganda

Wamisionari wa CMS walifika kwa kabaka Mutesa I mwaka 1877, na Mapadri Weupe, waliotumwa na kardinali Charles Lavigerie, mwaka 1879. Uislamu ulikuwa umewatangulia. Vijana wa ikulu walisikiliza pande zote, na kwa kuwa vitabu vya Kiganda havikuwepo, wengi walianza kusoma kwa Kiswahili. Wakristo waliitwa "wasomaji", jina ambalo linaonyesha walivyoonekana: watu wa kitabu kuliko watu wa kanisa.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Mwanawe, Mwanga II, alikuwa kijana aliyezungukwa na wageni wenye bunduki na habari za Wajerumani kuteka pwani. Askofu James Hannington alipokuja kwa njia ya Busoga, iliyohofiwa kama mlango wa maadui, aliuawa Oktoba 1885. Mwezi uliofuata Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, aliuawa kwa kumlaumu kabaka juu ya mauaji hayo. Vijana hao walikataa pia matakwa ya kimwili ya mfalme, na katika nchi ambapo neno la kabaka halikupingwa, kukataa kwa sababu ya dini kulikuwa uasi. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Wanaojulikana kwa majina ni 45: Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Wakatoliki hao walitangazwa na Papa Paulo VI kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Isisahaulike yaliyofuata. Ndani ya miaka michache Wakristo wa Buganda waligawanyika kuwa "Wafaransa" (Wakatoliki) na "Waingereza" (Waprotestanti), na Januari 1892 wakapigana huko Mengo, bunduki za kapteni Frederick Lugard zikiwapa Waprotestanti ushindi. Waliokufa pamoja Namugongo walikuwa na ndugu waliouana miaka sita baadaye.

Chini ya ukoloni

Misheni nyingi zilitangulia bendera za kikoloni, lakini zilipata ulinzi wake, na kwa macho ya wenyeji ilikuwa vigumu kutenganisha mambo hayo mawili. Wabenedikto walifungua kituo Pugu mwaka 1888. Januari mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Abushiri, kiliharibiwa na baadhi ya watawa wakauawa. Katika vita vya Maji Maji askofu Kasiani Spiss aliuawa pamoja na wenzake wanne, Agosti 1905, na Peramiho ikateketezwa. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea, na wengi wao walibatizwa na padri Mbenedikto kabla ya kunyongwa. Ubatizo huo unaendelea kujadiliwa: kwa padri ulikuwa wokovu wa saa ya mwisho, kwa wazao wa wengine ni sehemu ya adhabu.

Shule ndiyo iliyovuta watu. Katika Kenya, mwaka 1929, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilipodai Wakikuyu waachane kabisa na ukeketaji wa wasichana, maelfu waliondoka na kuanzisha shule na makanisa yao ya kujitegemea, bila kuacha Biblia. Kusini mwa Tanganyika askofu Vincent Lucas wa Masasi alichagua njia tofauti, akaingiza jando katika maisha ya Kanisa, likiwa na sala mahali pa matambiko ya zamani.

Makatekista, wainjilisti na uamsho

Sesili Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadri wa Kianglikana Zanzibar mwaka 1890 na kufanya kazi kati ya Wayao. Adriano Atiman, aliyeibwa utotoni Afrika ya Magharibi na kukombolewa na Mapadri Weupe, alisomea udaktari huko Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu na kufundisha dini hadi kifo chake mwaka 1956. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka hadi Boga, Kongo, ambako alipigwa na kufungwa, akarudi tena, akahubiri hata kwa Wambuti wa msituni. Alifariki mwaka 1933. Husimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao Injili haijafika, kinyume cha desturi ya kwao.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha uzito wa watu hao. Wamisionari Wajerumani walipokamatwa na kuondolewa Tanganyika, sharika nyingi ziliachwa bila mchungaji, na walimu wenyeji wakaziendesha kwa miaka. Wageni waliporudi katika miaka ya 1920 walikuta makanisa yamejaa.

Miaka ya 1930 ulianza uamsho huko Gahini, Rwanda, chanzo chake kikiwa urafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church. Waliookoka waliungama dhambi hadharani, wakarudisha mali walizoiba, na kumwita mmisionari "ndugu" badala ya "bwana", jambo lililowaudhi baadhi ya wahusika. Uamsho ulienea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika karibu wote kwa miguu na kwa ushuhuda wa watu wa kawaida.

Kutoka kupokea hadi kutuma

Laurean Rugambwa wa Bukoba aliteuliwa kuwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na mwaka 1977 askofu wake Josiah Kibira akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Paulo VI, alipotembelea Kampala mwaka 1969, aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari kwao wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo shirika la Mitume wa Yesu lilikuwa limeanzishwa Moroto, Uganda, ili kuwaandaa Waafrika kwa umisionari.

Leo mahubiri hufanyika kwa redio, mikutano ya hadhara na simu za mkononi. Tangu miaka ya 1980 Tanzania imeshuhudia pia mihadhara ambapo wahubiri wa Kikristo na wa Kiislamu hubishana hadharani, kila mmoja akishika kitabu cha mwenzake. Serikali imeizuia mara kadhaa kwa hofu ya fujo. Mapadri na wachungaji kutoka Kenya, Tanzania na Uganda wanahudumia parokia na sharika huko Ulaya na Marekani, zikiwemo zile ambazo ibada zake huendeshwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wahamiaji, wengi wao wakiwa Wakongo. Tubingen, karibu na kijiji cha Derendingen alikozaliwa Krapf, si mbali tena kwa mhubiri wa Kiafrika kama Rabai ilivyokuwa mbali kwa Krapf.